Betri Mpya kwa Drili ya Zamani: Mwongozo kwa Mafundi wa Mafia

Drili ya betri ikigoma hapa Kilindoni, mara nyingi mashine yenyewe bado ni nzima. Mota inazunguka, gia hazijalika, taya zinabana biti sawasawa. Kilichochoka ni betri. Na hapo ndipo pesa za fundi wa kisiwani zinapopotea. Mtu anapiga simu Kariakoo, anataja jina la kampuni na kusema "ya volti kumi na nane", anatuma hela kwa simu, na baada ya siku kadhaa mzigo unateremka gatini. Boksi likifunguliwa, betri haiingii kwenye mashine. Au inaingia, lakini chaja haiitambui. Au inafanya kazi wiki chache, kisha inalala moja kwa moja.

Fundi wa Dar es Salaam akikosea hupanda daladala akarudishe. Wewe wa Mafia ukikosea unalipia tena basi la Mbagala hadi Nyamisati na boti inayongoja maji yajae, au tiketi ya ndege, au fadhila za ndugu uliyemsumbua mara ya kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu una shabaha moja: kazi yote ya kuchagua imalizike hapa kisiwani, kabla shilingi haijavuka maji.

Jambo lenyewe si dogo. Mafundi wa vyombo wa Jibondo na Chole wanajenga ufukweni, mbali na soketi. Wapauaji wako juu ya kenchi. Mafundi wa hoteli za Utende wanakarabati boti kabla ya msimu wa papa potwe unaoanza mwezi wa kumi. Kwa watu hawa drili isiyo na waya ni mkono wa tatu, na siku inapolala, kazi nayo inalala.

1. Hakikisha ni betri kweli

Anza na vitu visivyogharimu. Chomoa betri, tazama vibati vya shaba vinavyopitisha umeme. Hewa yetu ya chumvi huviotesha kutu ya kijani, na kutu hiyo huzuia umeme hata betri ikiwa imejaa. Visugue taratibu kwa kifutio cha penseli au msasa laini kabisa, vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache vikauke. Fanya hivyohivyo kwenye vibati vya mashine na vya chaja. Kuna betri nyingi zilizohukumiwa kufa ambazo zilihitaji huduma hiyo tu.

Pili, azima betri ya aina ileile kwa fundi mwenzako. Mashine ikizunguka kwa nguvu, mgonjwa ni betri yako. Ikiendelea kukwamakwama au kutoa cheche nyingi, kagua kaboni za mota. Mashine nyingi za zamani zina kaboni mbili ndogo zinazolika kwa matumizi, na bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Swichi iliyoingiwa na vumbi la mbao au maji ya chumvi nayo huleta dalili zilezile.

Tatu, pima chaja. Iwekee betri nzima ya mwenzako uone kama taa zinabadilika inavyotakiwa. Kumbuka pia kwamba chaja nyingi hupima joto la betri kabla ya kuanza kuchaji. Betri iliyotoka juani au iliyomaliza kazi ngumu sasa hivi inaweza kukataliwa ilhali haina ubaya wowote. Iache kivulini ipoe, kisha jaribu tena.

Mwisho, tumia mita ya umeme. Betri ya nikeli ya volti 12 iliyochajiwa vizuri husoma volti 13 hadi 14. Betri ya lithiamu ya volti 18 iliyojaa husoma kati ya volti 20 na 21, na ikishuka hadi 15 imeisha. Ikisoma chini ya volti 12.5, seli zake zimezama mno na chaja nyingi zitaikataa. Usidanganyike na kipimo cha betri iliyotulia: shikilia nyaya za mita kwenye betri huku mwenzako akibonyeza swichi ya mashine, kama umbo la mashine linakuruhusu. Betri ya volti 12 inayosoma 12 ikiwa imetulia, kisha inaporomoka hadi 8 mara mashine inapozunguka, imekwisha.

Kuna mafundi wanaoamsha betri ya lithiamu iliyozama kwa kuiunganisha na betri nyingine nje ya chaja. Usifanye hivyo. Seli iliyokaa muda mrefu bila chaji huharibika ndani. Ikilazimishwa inaweza kupata shoti yenyewe baadaye, ikashika moto wakati wewe umelala.

2. Soma kibandiko na uandike kila kitu

Jina la kampuni peke yake halitoshi. Kampuni moja inaweza kuwa na betri za volti 18 za aina mbili au tatu zisizoingiliana. Chukua kalamu, andika mambo matano: namba ya mashine, namba ya betri, volti, ampea-saa (zimeandikwa Ah), na aina ya kemikali, yaani Ni-Cd, Ni-MH au Li-ion. Kisha andika namba ya chaja.

Namba ya betri ndiyo muhimu kuliko zote. Kwa Makita, betri yenye namba 1222 ni ya nikeli-kadimiamu, volti 12. BL1830 ni ya lithiamu, volti 18 na ampea-saa 3. Kwa DeWalt, DC9096 ni ile nene ya zamani ya volti 18 yenye shingo inayozama ndani ya mpini. Ukimpa muuza duka namba hizi, hana nafasi ya kubahatisha.

Umri wa mashine nao unakupa dokezo. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, na kwa miongo mingi baadaye mashine hizi zilitumia nikeli. Lithiamu iliingia kwa nguvu katikati ya miaka ya 2000. Makita, kwa mfano, walileta mfumo wao wa lithiamu wa volti 18 mwaka 2005. Kwa hiyo drili nene yenye betri ya shingo ndefu huenda ni ya nikeli, na yenye betri inayoteleza kwenye reli chini ya mpini mara nyingi ni ya lithiamu. Hata hivyo, usiamini umbo ukaacha maandishi.

Kibandiko kikiwa kimefutika, hesabu inaweza kukusaidia. Seli moja ya nikeli ina volti 1.2. Betri ya volti 9.6 ina seli 8, ya 12 ina seli 10, ya 14.4 ina seli 12, na ya 18 ina seli 15. Seli ya lithiamu ina volti 3.6, kwa hiyo betri ya volti 18 ina safu ya seli 5.

Hapa pia ndipo penye jibu la swali linalowasumbua wengi: betri ya "20V" ni tofauti na ya 18? Kwa lithiamu, zote ni safu ya seli 5. Seli hizo zikiwa zimejaa husoma jumla ya karibu volti 21, zikifanya kazi husoma wastani wa 18. Kampuni moja huandika namba ya kujaa, nyingine huandika ya wastani. Vilevile "12V" nyingi za kisasa za lithiamu ni seli 3, zilezile zinazoitwa 10.8 kwingineko. Lakini kulingana kwa volti hakumaanishi betri zitaingiliana. Umbo la reli na vibati vyake lazima vilingane pia.

3. Vitu vitatu visivyobadilishwa

Kwanza, volti. Usiweke betri ya volti 18 kwenye mashine ya 14.4 kwa kutafuta nguvu. Mota na swichi zitaungua.

Pili, chaja na kemikali. Chaja ya nikeli isichaji lithiamu hata siku moja. Chaja ya nikeli husukuma umeme ikitegemea dalili ambazo lithiamu haizitoi, na lithiamu iliyopitishwa kiwango chake cha volti 4.2 kwa seli inaweza kulipuka. Ukibadili Ni-Cd kwenda Ni-MH ya volti ileile, soma chaja kama inakubali zote mbili. Chaja ya Makita DC1804, kwa mfano, imetengenezwa kwa aina zote mbili za nikeli, lakini DC18RC ni ya lithiamu tu.

Tatu, umbo la mlango wa betri. Betri ikihitaji kuchongwa kwa kisu ili iingie, si yake.

Ampea-saa peke yake ndizo unazoweza kuongeza. Betri ya Ah 2 badala ya 1.3, kwa volti ileile na umbo lilelile, itafanya kazi muda mrefu zaidi na itachelewa zaidi kujaa. Itakuwa nzito pia, na jambo hilo mpauaji alipime kabla ya kutamani namba kubwa.

4. Njia tano, na nani aifuate ipi

*Betri halisi ya kampuni.* Kama mashine yako ni ya lithiamu na mfumo wake bado unauzwa, hii ndiyo njia yako. Ni ghali siku ya kununua, lakini bei yake igawe kwa miaka ya kazi. Wahenga walisema rahisi ghali, na kwenye betri neno hilo ni kweli mara mbili, maana nauli ya kurudia ununuzi nayo ni yako.

*Betri mbadala.* Hizi hutengenezwa na viwanda vingine kwa umbo la betri ya kampuni. Zipo nzuri na zipo mbovu kabisa. Kwa mashine za nikeli za zamani, mara nyingi hizi ndizo pekee zinazopatikana. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa betri za nikeli-kadimiamu za vifaa hivi mwishoni mwa 2016, na kampuni kubwa zilikuwa zimekwisha kuhamia lithiamu. Betri halisi ya Ni-Cd utakayoikuta dukani leo inaweza kuwa imekaa rafuni miaka mingi.

*Kubadilisha seli.* Ganda lako la zamani linafunguliwa, seli zilizokufa zinatolewa, mpya zinawekwa. Kwa nikeli, njia hii ni nzuri akipatikana fundi anayejua kazi. Muulize maswali mawili. Je, atabadilisha seli zote kwa pamoja? Akibadilisha mbili tu kati ya kumi, zile kuukuu zitaziangusha mpya. Je, anaziunganisha kwa utepe wa nikeli na mashine maalumu inayochoma kwa nukta za haraka? Pasi ya kulehemu ikishikizwa muda mrefu kwenye seli huipika ndani. Kwa lithiamu, ongeza swali la tatu: bodi ya ulinzi inabaki na inafanya kazi? Na asikuwekee seli za lithiamu ndani ya ganda la nikeli ili utumie chaja yako ya zamani. Huo ni moto unaongoja siku yake.

*Adapta.* Baadhi ya mashine za nikeli zinaweza kubeba betri ya lithiamu kupitia kipande cha kati. DeWalt wenyewe walitengeneza kimoja, DCA1820, kinachowezesha mashine zao za zamani za volti 18 kutumia betri zao za "20V". Ukiwa na mashine kadhaa za mfumo huo, njia hii inaokoa pesa nyingi. Uwe mwangalifu na adapta zisizo na jina. Mashine ya zamani haijui kusimama yenyewe lithiamu inapokaribia kuisha, na adapta isiyo na ulinzi itaikamua hadi kuiua. Ukiona nguvu inapungua, simama, na betri isibaki kwenye mashine usiku.

*Kuiacha betri kabisa.* Kama karakana yako ina umeme wa TANESCO na drili haitoki mlangoni, jiulize kama drili ya waya haikufai zaidi. Na kwa mwenye drili ya volti 12 na betri ya sola ya volti 12, iko njia nyingine: toa seli zilizokufa ndani ya ganda, unganisha vibati vyake kwa waya mnene na mfupi hadi kwenye betri ya sola. Weka fyuzi ya ampea 30 hivi karibu kabisa na betri, kwa sababu drili ikikwama huvuta umeme mwingi sana na waya mwembamba utaungua. Chunga chanya na hasi. Njia hii ni ya mashine za volti 12 pekee, ya 9.6 itaungua na ya 18 haitakuwa na nguvu.

Kipimo changu cha kuamua ni hiki. Kama betri mbili mpya zinakaribia bei ya seti nzima mpya ya lithiamu yenye mashine, betri na chaja, na mashine yako ni ya nikeli, nunua seti mpya. Lakini kabla ya kuchagua jina la seti hiyo, tembea uulize mafundi wenzako wa Kilindoni wanatumia mfumo gani. Ingco, Total, Makita au mwingine wowote, ule ulioenea kisiwani ndio utakaokupa betri ya kuazima siku yako ikifa katikati ya kazi. Hapa kwetu hilo lina uzito kuliko sifa za kwenye boksi.

5. Kumjua feki kabla hajavuka bahari

Anza na hesabu, kwa sababu hesabu haihongeki. Betri nyingi za lithiamu za umbo la kawaida hubeba seli za 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Seli bora za aina hiyo hubeba hadi Ah 3.5 hivi. Betri ya volti 18 yenye seli 10 huwa na safu mbili, kwa hiyo haiwezi kuvuka Ah 7. Ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa 9.0Ah au 12Ah, kibandiko kinadanganya, na aliyedanganya hapo hashindwi kudanganya kwingine. Namba kama 4 au 5 kwa umbo hilo ni za kuaminika.

Kisha pima uzito. Seli moja ya 18650 ina gramu 45 hadi 50. Seli kumi pamoja na ganda na bodi hukaribia au kuvuka gramu 600. Betri ya seli tano huwa karibu gramu 350. Mwambie uliyemtuma aiweke kwenye mizani ya duka. Betri ya "5.0Ah" yenye gramu 400 ina seli tano ndani na hewa tupu.

Tazama tarehe ya kutengenezwa. Lithiamu iliyokaa dukani miaka mingi bila kuchajiwa inaweza kuwa imezama. Tazama herufi za kibandiko, ubora wa skrubu, na kama vibati vina alama za kutumika. Ganda lenye alama za bisibisi kwenye maungio limewahi kufunguliwa.

Mwenye duka aijaribu mbele ya mtu wako: iwekwe kwenye chaja, iwekwe kwenye mashine, ikaze skrubu kadhaa. Duka lisilotaka kujaribu, ondoka. Kariakoo na mitaa ya Gerezani ina maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Hakuna sababu ya kung'ang'ania moja.

Dai risiti ya EFD, na uombe namba ya betri iandikwe humo. Muulize muuzaji kwa uwazi: ikigoma ndani ya mwezi mmoja, mtu wa Mafia anaruhusiwa siku ngapi za kuirudisha? Dhamana ya siku tatu haimfai anayesafiri na maji. Na ukiuziwa bidhaa bandia yenye jina la kampuni ya watu, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa hizo, na risiti yako ndiyo itakayokupa sauti.

Kwa mashine zilizotumika zinazotoka nje ya nchi, geuza chaja usome mstari wa umeme unaoingia. Umeme wetu ni volti 230. Chaja ya Marekani iliyoandikwa 120V, au ya Japani iliyoandikwa 100V, ikichomekwa kwenye soketi ya Kilindoni hufa hapohapo, labda uwe na transfoma ya kupunguza umeme. Mgeni anayekuachia drili yake kwa wema anaweza kukuachia mzigo, kama chaja haisomi hadi 240.

6. Kuivusha

Kwa ndege, kanuni za kimataifa zinataka betri za akiba za lithiamu zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaopakiwa. Kipimo ni wati-saa, na kuzipata ni kuzidisha volti kwa ampea-saa. Volti 18 kwa Ah 5 ni wati-saa 90. Hiyo inapita kwa sababu iko chini ya 100. Volti 18 kwa Ah 6 ni 108. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na zisizidi mbili. Ndege za kuja Mafia ni ndogo na mizigo yake huhesabiwa kwa kilo, kwa hiyo waulize kabla ya siku ya safari. Betri ya nikeli haibanwi na hesabu hiyo, lakini nayo izuiwe isipate shoti.

Kwa njia ya Nyamisati, adui ni maji ya bahari. Ziba vibati kwa utepe wa umeme, funga betri kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha ndani ya boksi gumu. Isikae chini ya chombo yanakotuama maji, wala isichanganywe kwenye gunia moja na misumari. Mwambie aliyeibeba kwamba ni betri. Atakayejua anabeba nini ataiweka mahali pakavu.

Betri ya lithiamu iliyozama kwenye maji ya chumvi usiichaji, hata ikikauka na kuonekana nzima. Chumvi hubaki ndani ikila bodi, na hatari huja baadaye.

7. Ikishafika

Chaji kwa mara ya kwanza mchana, ukiwa karibu, juu ya saruji au bati. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba na mabanda mengi kwetu yameezekwa makuti. Usichaji betri ya lithiamu usiku juu ya godoro au chini ya makuti yanayoning'inia. Ikianza kuvimba, kutoa harufu kali au moshi, kata umeme kwanza. Ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kujihatarisha, itoe nje, kisha umwage maji mengi ili ipoe. Moshi wake ni sumu. Simama upande unakotoka upepo.

Betri mpya ya nikeli huhitaji kuchajiwa na kutumika mara kadhaa kabla haijafikia nguvu yake kamili, kwa hiyo usiikatie tamaa siku ya kwanza. Itumie hadi ionyeshe kuchoka ndipo uichaji, lakini usiendelee kuibana ikiwa imekwisha kabisa. Lithiamu haitaki hivyo: ichaji wakati wowote, hata ikiwa nusu, na usiiache ikae tupu.

Joto ndilo linaloua lithiamu taratibu. Betri iliyojazwa pomoni na kuachwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 40 hupoteza karibu theluthi ya uwezo wake. Ikiachwa na chaji kiasi cha nusu, mahali penye nyuzi 25, hupoteza sehemu ndogo tu. Basi isikae kwenye boksi la chuma juani wala ndani ya gari. Kama kazi imesimama kwa masika au kwa kusi kali, iache nusu, kivulini, nje ya mashine, na uitazame kila baada ya miezi miwili.

Kisiwa hiki kimeishi miaka mingi kwa jenereta, na umeme ukirudi baada ya kukatika unaweza kuja kwa kishindo. Chomoa chaja umeme unapokatika. Kama unatumia inveta ya sola, chagua inayotoa mawimbi laini, kwa sababu chaja nyingine hupata joto na kufa kwenye inveta za bei ya chini. Kagua pia wati: chaja za haraka huweza kuvuta zaidi ya wati 200, na inveta ndogo haitaziweza.

Kila Ijumaa kabla ya kufunga kazi, panguza vibati kwa kitambaa kikavu. Hakuna matunzo rahisi kuliko hayo, na hakuna yanayolipa zaidi kwenye hewa ya chumvi.

8. Zilizokufa zisiende baharini

Kadimiamu ni sumu inayokaa ardhini na mwilini kwa miaka mingi. Betri ya nikeli-kadimiamu ikitupwa mikokoni au ikichomwa pamoja na takataka, sumu hiyo inaingia kwenye tope, kaa na samaki, na hatimaye kwenye sahani yetu. Mafia imekuwa na hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, na watu wengi hapa wanakula kwa sababu bahari bado ni safi. Ziba vibati vya betri zilizokufa, ziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na watoto. Mafundi kadhaa wakikusanya pamoja, mtu mmoja anaweza kuzibeba hadi Dar es Salaam kwa wanaonunua taka za umeme, kwenye safari ileile ya kwenda kuchukua betri mpya.

9. Ujumbe wa kumtumia mtu wako

Usimpigie simu tu. Maneno ya simu husahaulika kwenye kelele za Kariakoo. Piga picha nne: kibandiko cha betri, vibati vyake ukiweka rula pembeni, kibandiko cha mashine, na kibandiko cha chaja. Kisha tuma ujumbe huu, ukijaza nafasi zake:

"Shikamoo kaka. Naomba betri namba ______, volti ______, Ah ______, aina ______. Iingie kwenye mashine namba ______ na ichajiwe kwa chaja namba ______. Tafadhali ipime uzito, nitumie picha ya kibandiko na ya mizani kabla ya kulipa. Waijaribu kwenye chaja na kwenye mashine. Uliza siku za dhamana kwa mtu wa Mafia. Chukua risiti ya EFD yenye namba ya betri. Ziba vibati kwa utepe, ifunge kwenye mfuko mkavu. Wakikosa namba hiyo hasa, usichukue nyingine, nipigie kwanza."

Sentensi ya mwisho usiifute. Muuzaji hodari atasema "hii nayo ni ileile", na ndugu yako, kwa kutaka kukusaidia, ataamini. Akikupigia, wewe uliye na mashine mkononi utakuwa wa kuamua, na nauli ya safari ya pili itabaki mfukoni mwako.